Mita 150 kutoka ziwani: jinsi ya kupata mlinganyo wa mstari wa pembe mraba

Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, umbali kati ya nyumba na maji ni jambo la sheria. Sheria namba 1/02 ya tarehe 26 Machi 2012, inayojulikana kama Sheria ya Maji, imetenga ukanda wa ulinzi wa mita 150 kando ya ziwa hilo. Kiwanja kilichomo ndani ya ukanda huo na kiwanja kilichomo nje yake havina hatima moja, hata kama vinatenganishwa na ua wa miti tu.

Hata hivyo, maneno «mita 150» hayajitoshelezi. Mita hizo hupimwa kuelekea upande gani? Mwenye nyumba anaweza kufuata njia anayopita kila asubuhi kwenda kuteka maji, na mwingine akafuata barabara inayoshuka hadi palipo na mitumbwi. Kila njia itatoa idadi yake ya mita, lakini umbali halisi ni mmoja tu, nao ni ule wa mstari unaoukuta ufuo kwa pembe mraba, yaani pembe ya nyuzi 90. Kuupata mstari huo kwa hesabu ni somo ambalo wanafunzi hukutana nalo katika jiometri, nalo halihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Muhuta kati ya mlima na maji

Tarafa ya Muhuta iko kusini ya jiji la Bujumbura. Mwaka 2015 iliingizwa katika mkoa mpya wa Rumonge, na mgawanyo wa utawala uliofuata, wa mikoa mitano, umeiweka katika mkoa wa Bujumbura. Kwa upande wa magharibi inapakana na ziwa. Kwa upande wa mashariki vilima hupanda haraka kuelekea milima inayogawa maji ya Kongo na yale ya Nile. Kati ya mlima na maji mna ukanda mwembamba wa ardhi, na ndani ya ukanda huo hupita Barabara ya Taifa namba 3, inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac.

Wembamba huo ndio chanzo cha mashaka mengi. Mwishoni mwa Machi 2015, mvua kubwa zilisababisha maporomoko ya udongo na mawe katika eneo la Gitaza, watu wakapoteza maisha na barabara ikakatika. Kwa upande wa pili, ziwa lenyewe limekuwa likipanda katika miaka ya karibuni. Mwaka 2024 uso wake ulifikia kimo cha karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo kinacholinganishwa na kile cha mwaka 1964 ambacho wazee wa mwambao wanakikumbuka. Anayeishi hapa hana nafasi kubwa ya kurudi nyuma, na kwa hiyo kila mita ina thamani yake.

Njia fupi kuliko zote

Kwa nini umbali upimwe kwa pembe mraba, na si kwa njia nyingine yoyote? Jibu lilikwisha kutolewa na Euclid, mwanahesabu aliyeandika kwa Kigiriki karibu miaka 300 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Katika pembetatu, upande ulio mkubwa zaidi daima hutazamana na pembe iliyo kubwa zaidi.

Chukua nyumba iliyo mbali kidogo na ufuo ulionyooka. Kutoka nyumbani shusha mstari mmoja unaoukuta ufuo kwa pembe mraba, kisha shusha mstari mwingine wowote unaoukuta ufuo mahali pengine. Mistari hiyo miwili pamoja na kipande cha ufuo kilicho kati yake hufanya pembetatu yenye pembe mraba. Katika pembetatu ya namna hiyo, pembe mraba ndiyo kubwa kuliko zote. Basi upande unaoitazama, ambao ni ule mstari wa pili, lazima uwe mrefu kuliko wa kwanza. Kwa hiyo mstari wa pembe mraba ni mfupi kuliko mistari mingine yote inayotoka nyumbani kwenda ufuoni. Anayepima kwa njia ya mshazari hupata daima idadi kubwa kuliko ya kweli, na anaweza kujiona yuko salama ilhali hayuko.

Kuyapa mahali majina ya tarakimu

Euclid alitumia rula na bikari. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mistari inaweza kuandikwa kwa herufi na tarakimu. Pierre de Fermat, Mfaransa mwenzake wa wakati huohuo, aliifikia fikra hiyohiyo kwa njia yake. Tangu hapo, swali la umbo liliweza kujibiwa kwa hesabu.

Mpango wake ni huu. Huchaguliwa nukta moja ya kuanzia, inayoitwa chanzo. Kutoka hapo huhesabiwa mita za kwenda mashariki, ambazo huitwa x, na mita za kwenda kaskazini, ambazo huitwa y. Kwenda magharibi au kusini huandikwa kwa namba hasi. Hivyo kila mahali hupata jozi ya namba, ambayo katika vitabu vya hesabu huitwa majiranukta. Nukta (60, 40), kwa mfano, iko mita 60 mashariki ya chanzo na mita 40 kaskazini yake.

Tuchukue kiwanja cha mfano, chenye tarakimu zilizochaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Ziwa liko magharibi. Wapima ardhi wameweka vigingi viwili kwenye ukingo wa maji: kigingi A mahali (60, 40) na kigingi B mahali (160, 280). Kati ya vigingi hivyo ufuo umenyooka. Kona ya nyumba iliyo karibu zaidi na maji ni nukta P, mahali (240, 134). Swali ni je, nyumba hiyo imo ndani ya mita 150 au imo nje?

Mteremko wa ufuo

Hatua ya kwanza ni kujua ufuo umeelekea wapi. Jambo hilo huelezwa na namba moja iitwayo mteremko wa mstari: ni mita ngapi za kwenda kaskazini hupatikana kwa kila mita moja ya kwenda mashariki. Neno hili lisichanganywe na mteremko wa kilima, kwa kuwa hapa hakuna kupanda wala kushuka. Ni mwelekeo tu juu ya ramani.

Kutoka A hadi B, namba ya kaskazini imepanda kutoka 40 hadi 280, yaani 240. Namba ya mashariki imepanda kutoka 60 hadi 160, yaani 100. Mteremko ni 240 ukigawanywa kwa 100, ambao ukirahisishwa huwa

12/5

Maana yake ni kwamba anayeufuata ufuo huo kuelekea kaskazini husogea mita 5 mashariki kila anapopanda mita 12 kaskazini.

Ukishajulikana mteremko, mlinganyo wa ufuo huandikwa kwa kutumia kigingi kimoja. Nukta yoyote (x, y) iliyo juu ya mstari lazima itoe mteremko uleule ikilinganishwa na A:

y − 40 = 12/5 (x − 60)

Ukifunguliwa, huwa

y = 12/5 x − 104

Kuuhakiki ni rahisi. Ukiweka 160 mahali pa x, unapata 384 kutoa 104, yaani 280, ambayo ndiyo namba ya kaskazini ya kigingi B.

Robo ya mzunguko

Sasa unatakiwa mteremko wa mstari unaoukuta ufuo kwa pembe mraba. Kanuni inayofundishwa darasani husema kwamba miteremko ya mistari miwili inayokutana kwa pembe mraba, ikizidishwa pamoja, hutoa −1. Wanafunzi wengi huikariri kanuni hii bila kuambiwa ilikotoka, ilhali inaonekana wazi kwa hatua za miguu.

Tumekwisha kuona kwamba kuufuata ufuo ni kwenda hatua 5 mashariki na hatua 12 kaskazini. Msafiri huyo na ageuke robo ya mzunguko upande wake wa kulia. Kila kilichokuwa kaskazini kwake sasa kinakuwa mashariki, na kila kilichokuwa mashariki kinakuwa kusini. Kwa hiyo hatua 12 za kaskazini zinageuka kuwa hatua 12 za mashariki, na hatua 5 za mashariki zinageuka kuwa hatua 5 za kusini. Kusini ni hasi. Mteremko mpya basi ni −5 ukigawanywa kwa 12:

−5/12

Mambo mawili yametokea kwa mara moja. Namba za juu na za chini zimebadilishana nafasi, na alama imegeuka. Ndiyo sababu zao la 12/5 na −5/12 ni −1. Hata msafiri akigeuka upande wa kushoto jibu ni lilelile, kwani atapata hatua 12 za magharibi na 5 za kaskazini, na 5 ikigawanywa kwa −12 ni namba ileile.

Mlinganyo wa mstari unaotoka nyumbani

Mteremko peke yake hautoshi, maana iko mistari isiyo na idadi yenye mteremko −5/12, yote ikiwa sambamba. Unatakiwa mmoja tu, ule unaopita kwenye kona ya nyumba, nukta P (240, 134). Mlinganyo wake ni:

y − 134 = −5/12 (x − 240)

Ukizidisha −5/12 kwa −240 unapata 100. Ukijumlisha na 134, mlinganyo unakuwa

y = −5/12 x + 234

Huu ndio mstari uliotafutwa. Kazi yote imehitaji vitu viwili: mwelekeo, ambao umetokana na ufuo, na nukta moja, ambayo ni nyumba yenyewe. Kosa linaloonekana mara nyingi katika madaftari ni kuchukua mwelekeo sahihi kisha kuupitisha kwenye kigingi cha ufuoni badala ya kuupitisha nyumbani. Mstari wa namna hiyo una pembe mraba kweli, lakini haujibu swali la nyumba.

Mahali mistari inapokutana

Ili kujua umbali, lazima ijulikane nukta ambapo mstari kutoka nyumbani unaukuta ufuo. Nukta hiyo iko juu ya mistari yote miwili, kwa hiyo y ya mlinganyo mmoja ni sawa na y ya mlinganyo wa pili:

12/5 x − 104 = −5/12 x + 234

Ili kuondoa sehemu, pande zote mbili huzidishwa kwa 60:

144x − 6,240 = −25x + 14,040

169x = 20,280

x = 120

Ukiweka 120 katika mlinganyo wowote kati ya hiyo miwili, y inakuwa 184. Nukta ya kukutania ni H (120, 184), nayo iko kati ya kigingi A na kigingi B, jambo ambalo ni muhimu kulithibitisha. Kama H ingeangukia nje ya kipande hicho, mahali ambapo ufuo umekwisha kupinda, mstari wa A na B usingekuwa tena mstari wa ufuo, na ingebidi kuchukua vigingi vingine.

Kutoka H hadi P kuna mita 120 za mashariki na mita 50 za kusini. Kwa kanuni ya Pythagoras, kipeo cha pili cha 120 ni 14,400 na cha 50 ni 2,500. Jumla yake ni 16,900, na kipeuo cha pili cha 16,900 ni 130.

Nyumba iko mita 130 kutoka ufuoni. Imo ndani ya ukanda wa mita 150, na imezidi mpaka kwa mita 20.

Mwenye nyumba angepima hadi kigingi B angepata karibu mita 166 na nusu. Angepima hadi kigingi A angepata mita 203. Vipimo hivyo viwili vyote vingekuwa sahihi, tena vyote vingemwambia kwamba yuko nje ya ukanda, na vyote viwili vingempotosha. Umbali wa kweli hauko kwenye kigingi chochote kati ya hivyo. Uko mahali ambapo hakuna alama yoyote ardhini mpaka hesabu ilipopaonyesha.

Njia ya mkato

Kwa anayetaka umbali tu bila kuitafuta nukta ya kukutania, iko njia fupi. Mlinganyo wa ufuo huandikwa upya bila sehemu, vitu vyote vikiwa upande mmoja:

12x − 5y − 520 = 0

Kisha namba za nyumba huwekwa mahali pa x na y: 12 mara 240 ni 2,880, 5 mara 134 ni 670, 2,880 kutoa 670 kutoa 520 ni 1,690. Jibu hilo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha jumla ya 12 mara 12 na 5 mara 5. Jumla hiyo ni 169, na kipeuo chake ni 13. Basi 1,690 ikigawanywa kwa 13 ni 130, jibu lilelile. Kama hesabu ya juu ingetoa namba hasi, alama ya hasi ingeachwa, kwa sababu inaonyesha tu kwamba nukta iko upande wa pili wa mstari. Katika mfano huu, upande chanya ni wa nchi kavu na upande hasi ni wa maji.

Njia hiyohiyo huuchora mpaka wa ukanda. Kila nukta iliyo mita 150 kutoka ufuoni, upande wa nchi kavu, lazima itoe 150 mara 13, yaani 1,950. Mlinganyo wa mpaka basi ni

12x − 5y − 520 = 1,950

ambao ukifunguliwa huwa y = 12/5 x − 494. Mteremko wake ni uleule wa ufuo, kwa kuwa mpaka na ufuo ni mistari sambamba. Na anayetaka kujua nyumba ingepaswa kujengwa wapi katika kiwanja hichohicho, aufuate mstari wa pembe mraba kutoka P kwa mita 20 zaidi kuelekea mlimani: ni karibu mita 18 na nusu za mashariki na karibu mita 8 za kusini.

Mistari isiyo na mteremko wa kawaida

Kanuni ya zao la −1 ina mahali ambapo haitumiki. Ufuo ukinyooka sawasawa kutoka kusini kwenda kaskazini, namba ya mashariki haibadiliki kabisa. Mteremko ungekuwa kugawanya kwa sifuri, jambo lisilowezekana. Mlinganyo wa ufuo wa namna hiyo ni wa x peke yake, kama vile x = 60. Mstari wa pembe mraba huenda mashariki moja kwa moja, mteremko wake ni sifuri, na mlinganyo wake ni wa y peke yake: kwa nyumba yetu ungekuwa y = 134. Umbali basi ni kutoa tu, 240 kutoa 60. Hali hii si ya vitabuni tu, kwa sababu mwambao wa Burundi kwa ujumla wake umelala kusini-kaskazini.

Kutoka daftarini hadi ardhini

Hesabu hufanyika juu ya karatasi bapa, lakini Muhuta si bapa. Umbali unaotumiwa katika ramani ni ule wa mlalo. Anayeulaza utepe wa kupimia juu ya mteremko wa kilima hupata urefu wa ardhi, ambao ni mkubwa zaidi. Ikiwa nyumba iko mita 130 za mlalo kutoka majini, lakini imejengwa mita 75 juu ya maji, utepe uliolazwa ardhini utaonyesha mita 150 hivi, kwa sababu 130 mara 130 ukijumlisha na 75 mara 75 ni 22,525, na kipeuo chake cha pili ni kidogo tu zaidi ya 150. Kwa hiyo mafundi hupima mlimani kwa vipande vifupi, utepe ukishikwa mlalo kila mara.

Simu za mkononi zenye GPS hutoa majiranukta ya mahali, kwa kawaida kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Kwa hesabu ya mita, wapima ardhi hutumia mfumo wa UTM, unaoigawa dunia katika kanda. Mwambao wote wa Burundi umo katika kanda ya 35 kusini. Namba za UTM ni ndefu, lakini zinaweza kufupishwa kwa kuzipunguza zote za x kwa kiasi kimoja na zote za y kwa kiasi kimoja. Mteremko na umbali havibadiliki, maana ni chanzo tu kilichohamishwa. Ikumbukwe pia kwamba simu ya kawaida inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kwa nyumba iliyo mita 130 kosa hilo halibadilishi jibu. Kwa nyumba iliyo mita 149 linaweza kulibadilisha.

Wakazi wa karibu na ikweta wana nafuu moja. Kwao, nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zina urefu unaokaribiana sana, karibu kilomita 111, hivi kwamba pembe mraba iliyohesabiwa kwa nyuzi hubaki karibu kuwa pembe mraba ardhini. Katika nchi za Ulaya sivyo: kwenye latitudo ya 50, nyuzi ya longitudo ina kilomita 72 hivi tu, na anayetumia nyuzi kana kwamba ni mita atachora mstari uliopinda upande.

Asiye na ramani wala simu anayo kamba. Mafundi waashi huipata pembe mraba ya msingi wa nyumba kwa vipimo vya 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha zake mita 5. Ikiwa ncha zinakutana kwa mita 5 kamili, pembe ni mraba, kwa sababu 9 na 16 ni 25. Kamba ya namna hiyo ikiwekwa ufuoni huonyesha mwelekeo wa mstari unaokwenda nyumbani, na ni uthibitisho mzuri wa hesabu iliyofanywa kwa karatasi.

Ufuo unaosogea

Liko jambo moja ambalo hesabu haiwezi kuliamua, nalo ni mahali pa kuweka mstari wa kuanzia. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa majira na kwa miaka. Mito mingi huingia humo, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Pwani yenye mchanga ulio bapa, unaopanda mita 1 kwa kila mita 20, hupoteza mita 20 za nchi kavu ziwa likipanda mita 1 tu. Nyumba iliyojengwa mita 150 kamili kutoka majini hujikuta iko mita 130, bila mtu yeyote kusogeza kigingi. Mteremko wa ufuo haukubadilika, mstari wa pembe mraba ni uleule, lakini nukta ya kukutania imesogea.

Kwa sababu hiyo, tamko lolote kwamba nyumba fulani imo ndani au imo nje ya ukanda lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya sheria: ufuo unahesabiwa kuanzia wapi, na umepimwa siku gani. Ya pili ni ya jiometri, na hiyo inaweza kuhakikiwa na mwanafunzi yeyote mwenye kalamu. Anayeonyeshwa kipimo cha kiwanja chake anaweza kuomba mambo manne: majiranukta ya vigingi viwili vya ufuoni vilivyo karibu naye, majiranukta ya kona ya nyumba iliyo karibu na maji, tarehe ya kupimwa kwa vigingi, na nukta ya kukutania iliyotumiwa. Akiisha kuyapata, azidishe mteremko wa ufuo kwa mteremko wa mstari uliopimwa. Jibu likiwa −1, au likikaribia −1 sana, umbali ulipimwa panapostahili. Likiwa jingine, mita zilizoandikwa, ziwe nyingi au chache, ni za njia ya mshazari.